Anayefunzwa na Ulimwengu: Makuzi na Uhalifu katika Filamu ya Tsotsi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumwonya mtoto mkaidi asikize la mzazi, la sivyo dunia itamfunza kwa kiboko kisichojua huruma. Hata hivyo, methali yenyewe imejengwa juu ya dhana ambayo ni nadra kuhojiwa, kwamba mama yupo na yuko tayari kufunza. Je, ikiwa mama ameondolewa kabla ya kuikamilisha kazi yake, mtoto ana kosa gani? Na huo ulimwengu unaoishika nafasi yake humfunza mtoto kitu gani hasa?

Makala haya yananuia kueleza namna maswali hayo yanavyoshughulikiwa katika Tsotsi, filamu ya Afrika Kusini iliyoongozwa na Gavin Hood mwaka wa 2005. Filamu hiyo ilitokana na riwaya yenye jina hilohilo ya Athol Fugard (1932-2025), mwandishi ambaye hufahamika zaidi kwa tamthilia zake. Ilituzwa katika tamasha la Toronto mwaka wa 2005, na mwezi wa Machi 2006 ikanyakua tuzo ya Oscar katika kitengo cha filamu za lugha za kigeni. Kwa msomaji na mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kazi hii ina mvuto wa namna mbili. Kwanza, inaupeleka utanzu wa makuzi katika mazingira ambayo miji yetu inayafahamu vyema: mtaa wa mabanda, kijana asiye na kazi na kisu kilichofichwa kotini. Pili, inazungumza kwa lugha ya mseto ya vijana, jambo linaloigusa moja kwa moja mijadala yetu kuhusu Sheng.

Utanzu wa makuzi na mkondo wake wa kihalifu

Kazi ya makuzi ni ile inayomfuata mhusika mmoja kutoka utotoni au ujanani hadi anapoufikia utu uzima. Katika fasihi ya Ulaya, mfano unaotajwa sana ni riwaya ya Goethe kuhusu kijana Wilhelm Meister, iliyochapishwa mwaka wa 1795 na 1796. Mkondo wake wa kawaida unajulikana: kijana huondoka nyumbani, hukosea, hukutana na watu wanaomfunza, na mwishowe hupata nafasi yake katika jamii. Kukua, kwa mujibu wa utanzu huu, ni kupatana na jamii.

Fasihi ya Kiswahili nayo ina kazi za mkondo huu. Katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, Kongowea Mswahili anampoteza mamaye, anafunga safari kutoka Tanga na kuingia Kenya akimtafuta babaye. Safari yake imejaa mateso, lakini ana jina, ana elimu na ana mtu wa kumtafuta. Mambo hayo matatu ndiyo yanayomshika mkono asizame. Kwa upande mwingine zipo kazi ambamo makuzi yanageuka kuwa mporomoko. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ukali wa Zakaria unamnyima Rosa nafasi ya kujifunza maisha polepole, na anapopata uhuru anashindwa kuutumia. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna anayefungiwa ndani na Maksuudi anatoroka na kudidimia katika maisha ya mjini. Waandishi wote wawili wanautafuta mzizi wa upotovu nyumbani, chini ya mamlaka ya baba.

Mkondo wa kihalifu unaongeza jambo moja. Kijana anayefukuzwa na jamii haendi pasipo na watu. Huingia katika jamii nyingine, yaani genge, ambalo lina walimu wake, mitihani yake, vyeo vyake na tuzo zake. Meja Mwangi alilionyesha jambo hili mapema katika Kill Me Quick (1973), riwaya ambamo Meja na Maina wanaingia Nairobi wakiwa na elimu ya shule lakini wanaishia vichochoroni. Kinaya cha kazi za aina hii ni kwamba kijana hukua kweli. Hupata ujuzi, ujasiri na heshima ya wenzake, ila kila hatua ya ukuaji huo humwondoa mbali zaidi na utu. Ni katika mkondo huu ambapo Tsotsi inapaswa kusomwa.

Muhtasari wa hadithi

Tsotsi (Presley Chweneyagae) ni kijana anayekaribia miaka ishirini, kiongozi wa genge la watu wanne katika mtaa wa mabanda karibu na Johannesburg. Wenzake ni Boston, aliyewahi kusomea ualimu. Butcher, mwenye kiu ya damu. Na Aap, rafiki mtiifu na mzito wa fikra. Katika garimoshi lililojaa abiria, wanamzingira mzee aliyeonekana na pesa, na Butcher anamdunga kwa chuma chenye ncha kali. Boston anachafukwa na roho kwa yaliyotendeka. Usiku huo anamwandama Tsotsi kwa maswali: je, anajua maana ya heshima? Jina lake halisi ni nani? Je, hajawahi kumpenda yeyote, hata mbwa? Jibu la Tsotsi ni ngumi zinazouharibu uso wa Boston.

Tsotsi anakimbia gizani hadi kwenye mtaa wa matajiri. Huko anampiga risasi mwanamke, Pumla, na kutoroka na gari lake. Anapofika mbali ndipo anapogundua kwamba kwenye kiti cha nyuma kuna mtoto mchanga. Analiacha gari, anamtia mtoto ndani ya mfuko wa karatasi wa dukani na kumpeleka kwenye kibanda chake. Hajui kumlisha wala kumfunga nepi. Anampa maziwa mazito ya mkebe, na arudipo anamkuta mtoto amevamiwa na sisimizi. Hatimaye anamfuata Miriam (Terry Pheto), mjane kijana mwenye mtoto wake, na kumlazimisha kwa bastola amnyonyeshe mtoto huyo. Kuanzia hapo, kwa siku chache tu, kila tendo la Tsotsi linamsukuma kuelekea kwenye nyumba alikomwiba mtoto.

Suala la jina

Neno tsotsi si jina la mtu. Katika vitongoji vya Afrika Kusini ni nomino ya kawaida inayomaanisha kijana mhuni, mwizi au mkora. Mhusika huyu basi anatembea akiwa amevaa aina badala ya jina, kana kwamba mtu angeitwa Mwizi kila asubuhi mpaka yeye mwenyewe akaitika. Wasomaji wa Kenya hawahitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Neno chokoraa, linalohusishwa na kitenzi chokora kwa maana ya kupekuapekua, limewavua majina maelfu ya watoto wa mitaani. Anayeitwa chokoraa hana ukoo wala historia. Anajulikana kwa kile alichoonekana akikifanya jaani.

Kwa hiyo swali la Boston kuhusu jina ni zito kuliko linavyosikika. Kumuuliza mtu jina lake ni kumuuliza nani alimpa, na kumuuliza nani alimpa ni kumrudisha kwa mama. Tsotsi anapiga kwa sababu ameguswa mahali alipokuwa amepafunika. Baadaye, Miriam anapomuuliza mtoto anaitwaje, Tsotsi anasita kisha anajibu kwamba anaitwa David. Mtazamaji anakuja kuelewa kwamba David ni jina la Tsotsi mwenyewe alipokuwa mtoto. Hapa pana kilele cha hadithi, ijapokuwa hapana mlio wa risasi wala mwendo wa kasi. Kijana ambaye hakuweza kulitamka jina lake kwa ajili yake mwenyewe analitamka kwa ajili ya mtu mwingine. Katika utanzu wa makuzi, mhusika kwa kawaida hukua kwa kujipatia jina jipya miongoni mwa watu. Tsotsi anakua kwa kulirudia jina la zamani.

Mbinu rejeshi na taswira

Historia ya mhusika haisimuliwi mwanzoni. Inafunuliwa vipande vipande kwa mbinu rejeshi, na kila kipande kinaletwa na tendo la kumtunza mtoto. Hii ni mantiki nzuri ya kisanaa. Tsotsi hakumbuki kwa sababu ameamua kukumbuka. Anakumbuka kwa sababu mikono yake inafanya kazi ambayo aliwahi kufanyiwa. Tunamwona mama akiwa mgonjwa kitandani, akimwita mwanawe amshike mkono, huku baba akimkataza mtoto asimkaribie. Tunamwona baba huyo akimpiga mbwa teke na kumvunja uti wa mgongo. Mtoto anakimbia usiku, na hapo ndipo masomo ya ulimwengu yanapoanza.

Taswira tatu zinastahili kutajwa. Ya kwanza ni ya mbwa. Mnyama anayejikokota kwa miguu ya mbele anarudi katika umbo la Morris, ombaomba wa kituo cha garimoshi ambaye alilemaa akiwa mchimba migodi. Anarudi tena katika Pumla, ambaye baada ya risasi hawezi kutumia miguu yake. Kwa njia hii mwongozaji anaonyesha kwamba ukatili wa baba umeendelea kutembea ndani ya mwana. Yule aliyemlilia mbwa aliyevunjwa mgongo ameishia kumlemaza mama wa mtu.

Ya pili ni ya mabomba ya saruji. Katika uwanja mtupu nje ya mji yamepangwa mabomba makubwa, na humo ndimo David mdogo alimolala pamoja na watoto wengine wasio na makao. Tsotsi anaporudi huko akiwa na mtoto mfukoni, anakuta kizazi kipya cha watoto kimeyakalia mabomba yaleyale. Hakuna hotuba inayotolewa. Picha yenyewe inasema kwamba tsotsi wa kesho tayari amekwisha kulazwa ndani ya saruji, na kwamba kumkamata huyu wa leo hakutamaliza jambo.

Ya tatu ni ya mfuko wa karatasi. Mfuko huo ni wa kubebea bidhaa za dukani, na mwanzoni mtoto anabebwa kama bidhaa nyingine yoyote ya wizi. Lakini bidhaa hailii, hainyi wala haishiki kidole cha aliyeibeba. Kadiri hadithi inavyoendelea, kitu kinageuka kuwa mtu machoni pa mwizi. Badiliko hilo la namna ya kuona ndilo kiini cha makuzi yake.

Walimu wa Tsotsi

Ikiwa ulimwengu ndio unaomfunza Tsotsi, basi inafaa kuwatambua walimu wenyewe. Butcher anamfunza kwamba binadamu ni nyama. Aap anamfunza kwamba utiifu hauhitaji sababu. Hao ni walimu wa genge. Wapo wengine watatu wanaofunza somo lililo kinyume.

Boston ndiye mwalimu wa maneno. Ana ujuzi wa vitabu lakini hakuufikisha mwisho, na ulevi umemla. Swali lake kuhusu heshima linamletea kipigo, ila ndilo linalolianzisha kila jambo. Ni muhimu kwamba Tsotsi anarudi baadaye kumchukua Boston aliyejeruhiwa, akamlaza kwenye kibanda chake na kuahidi kumpatia fedha za kufanya mtihani wake. Jambo la kusikitisha ni kwamba njia pekee ya kupata fedha anayoijua ni wizi, hata anapotaka kutenda wema.

Morris ndiye mwalimu wa maisha yaliyobaki. Tsotsi anamfuata akiwa na nia ya kumpora na labda kumuua. Anamuuliza kwa nini anaendelea kuishi ilhali anaishi kama mbwa. Morris anajibu kwamba bado anapenda kuhisi joto la jua mikononi mwake. Tsotsi hana jibu kwa hoja hiyo, naye anamwacha na vijisenti vyake.

Miriam ndiye mwalimu wa kutoa. Mumewe alitoka kwenda kazini na hakurudi kamwe, lakini yeye hakugeuza uchungu huo kuwa silaha. Hutengeneza mapambo ya kuning'iniza kwa vipande vya vioo na vyuma vilivyoshika kutu. Tsotsi anashangaa kwamba vigae vinaweza kuuzwa; Miriam anamwonyesha jinsi rangi na mwanga vinavyomwangukia. Aidha, ni Miriam anayesema wazi kwamba mtoto lazima arudishwe kwa mamaye. Hamsamehe Tsotsi kwa haraka wala hampendi kwa ghafla, na filamu inafanya vyema kuuepuka mtego wa mapenzi.

Riwaya na filamu: mzizi uliohamishwa

Mhakiki anayezilinganisha kazi hizi mbili atakuta tofauti zenye uzito. Fugard aliandika riwaya yake takriban mwaka wa 1960, ingawa haikuchapishwa hadi 1980. Mandhari yake ni Sophiatown, kitongoji cha Johannesburg kilichosifika kwa muziki, uandishi na magenge. Kuanzia Februari 1955 serikali ya ubaguzi wa rangi iliwahamisha wakazi wake kwa nguvu hadi Meadowlands huko Soweto, nyumba zikabomolewa, na mahali pao pakajengwa mtaa wa wazungu ulioitwa Triomf. Jina la Sophiatown lilirejeshwa rasmi mwaka wa 2006.

Katika riwaya, mama wa David hafi kwa ugonjwa. Anachukuliwa usiku na polisi katika msako wa pasi, zile hati ambazo Mwafrika alilazimika kubeba ili aruhusiwe kuwa mjini. Baba anarudi na kuikuta nyumba tupu. Teke analompiga mbwa ni la mtu aliyeporwa na dola. Tsotsi anamfikia mtoto kwa njia nyingine pia: mwanamke aliyekumbana naye gizani anamsukumia kisanduku cha viatu chenye mtoto ndani, kisha anatoweka. Mwisho wake ni wa mauti. Tingatinga zinapobomoa kuta za Sophiatown, Tsotsi anajitosa kumwokoa mtoto, na ukuta unamwangukia.

Hood aliihamishia hadithi katika Afrika Kusini ya baada ya 1994. Sheria za pasi zilikuwa zimefutwa tangu 1986, kwa hiyo hazingeweza tena kumtenga mama na mwanawe. Mahali pake umewekwa ugonjwa unaoashiria UKIMWI. Vilevile, familia inayoibiwa mtoto si ya wazungu. Pumla na mumewe John ni Waafrika wenye nyumba nzuri, lango la umeme na gari la kifahari. Mgogoro wa rangi umegeuzwa kuwa mgogoro wa tabaka.

Mabadiliko haya yana faida na hasara. Faida yake ni kwamba filamu inasema ukweli wa wakati wake: uhuru ulikuja, lakini haukuyafikia mabomba ya saruji. Hasara yake ni kwamba uovu wenye sahihi ya serikali umechukuliwa na maradhi na ukali wa baba mmoja. Msako wa polisi una mtu wa kuulizwa; virusi havina. Mtazamaji anaweza kuondoka akiwa amelia machozi mengi bila kumshtaki yeyote. Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba siasa imefutwa kabisa. Umbali kati ya kibanda cha Tsotsi na lango la John, umbali ambao kijana anautembea kwa miguu usiku mmoja, ni hoja ya kisiasa inayoonekana kwa macho.

Lugha: Tsotsitaal na Sheng

Fugard aliandika kwa Kiingereza, na wahusika wake hawakuwa na budi kukisema Kiingereza hicho kwenye kurasa. Filamu iliwarudishia ndimi zao. Wahusika wanazungumza Tsotsitaal iliyochanganyika na Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kiafrikana. Tsotsitaal, kama jina linavyodokeza, ni lugha ya matsotsi. Ilichipuka katika vitongoji vya Johannesburg, Sophiatown ikiwa mojawapo, kwa msingi wa Kiafrikana, na baadaye ikapata aina nyingine zenye msingi wa lugha za Kibantu.

Ulinganifu na Sheng haukwepeki. Sheng nayo ni zao la mitaa ya Nairobi, hasa Eastlands, na imejengwa juu ya sarufi ya Kiswahili huku ikiazima msamiati kutoka Kiingereza na lugha nyingine za Kenya. Kama Tsotsitaal, imewahi kushutumiwa kuwa lugha ya wahuni na wapiga debe. Lugha zote mbili zilivuka mipaka ya genge na kuwa sauti ya vijana wa kawaida, zikaingia katika muziki, matangazo ya biashara na hata kampeni za kisiasa.

Somo ambalo Tsotsi inampa mwanafunzi wa Kiswahili ni la kisanaa kabla ya kuwa la isimu jamii. Lugha ya mhusika ni sehemu ya makuzi yake. Tsotsi ni mtu wa maneno machache. Analo tusi, analo agizo, na anacho kimya. Hana msamiati wa huruma, kwa hiyo huruma inapomjia inamjia kwanza katika mikono na machozi. Mwandishi anayetaka kumchora kijana wa aina hii kwa Kiswahili sanifu kilichonyooka ana kazi ngumu, kwa maana usanifu wenyewe ni dalili ya shule ambayo kijana hakuipata. Filamu ya Nairobi Half Life (2012), iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, ilikumbana na jambo hili na kuwaacha wahusika wake waseme Kiswahili, Sheng na Kikuyu kama watu wa Nairobi wasemavyo. Mwas, kijana wa mashambani mwenye ndoto ya kuwa mwigizaji, anaporwa siku yake ya kwanza mjini, anatiwa korokoroni, na huko ndiko anakokutana na genge litakalomfunza. Ujuzi wake wa kuigiza unamsaidia jukwaani na katika wizi pia. Haitoshi basi kuuliza kama Sheng ifaa au haifai katika fasihi. Inapasa kuuliza mhusika gani anasema nini, na anapoteza nini tunapomsemea.

Je, kueleza ni kutetea?

Kazi za mkondo huu hukabiliwa na lawama moja ya kudumu, kwamba zinampamba mhalifu na kuwasahau walioumizwa. Lawama hii haifai kupuuzwa. Mzee aliyeuawa garimoshini alikuwa na mshahara mfukoni na watu waliomngojea. Pumla hatatembea. Yeyote aliyewahi kuporwa usiku katika miji yetu anaweza kuuliza kwa haki kwa nini machozi yatengewe aliyeshika bastola.

Jibu la filamu limo katika mpangilio wa matukio. Mauaji ya garimoshini yanaonyeshwa kabla ya jambo lolote la utotoni. Mtazamaji anamhukumu Tsotsi kwanza, na kumbukumbu zinapofuata hazikifuti kifo kile. Zaidi ya hayo, Tsotsi anamuua Butcher ili kumwokoa John wakati wa wizi wa nyumbani, na tendo hilo linalookoa maisha linabaki kuwa mauaji. Aap, aliyemfahamu tangu utotoni, anamwogopa na kuachana naye. Mwenye kuanza kuwa mtu mwema anapoteza genge lake lote kabla jamii nyingine haijampokea.

Mwisho wa hadithi unadumisha msimamo huo. Tsotsi, akiwa amevaa shati jeupe badala ya koti lake jeusi la ngozi, anamrudisha mtoto langoni. Polisi wanafika. Anamshikilia mtoto akilia, kisha anamkabidhi kwa babaye na kuinua mikono. Filamu inaishia hapo. Ipo miisho mingine miwili iliyopigwa picha na kuachwa, mmoja ambamo anapigwa risasi na kufa, na mwingine ambamo anajeruhiwa na kutoroka. Uamuzi wa kuiacha ni wa maana. Kifo kingemgeuza mfiadini na kumpumzisha mtazamaji. Kutoroka kungemwepusha na madeni yake. Mikono iliyoinuliwa inamweka mbele ya sheria akiwa hai, mahali ambapo anaweza kujibu kwa jina lake.

Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Kenya, ambako vijana wengi wa mitaa ya mabanda wameuawa kwa risasi kabla ya kusimama mbele ya hakimu, na habari zao zikaandikwa kwa neno moja tu, washukiwa. Kumfikisha mhalifu mahakamani ni kukubali kwamba ana jina, ana umri, ana mama aliyekuwepo au asiyekuwepo, na ana makosa yanayoweza kutajwa moja moja. Anayeuawa kwenye kichochoro hunyimwa hata hatia yake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Tsotsi inaufuata utanzu wa makuzi kwa kuurudisha nyuma: badala ya mtoto kusonga mbele hadi utu uzima, mhalifu aliyezeeka mapema anarudishwa utotoni na mtoto aliyemwiba, ili aanze tena pale alipokatizwa. Imeonekana pia kwamba mbinu rejeshi, taswira za mbwa, mabomba na mfuko wa karatasi, pamoja na lugha ya mseto, ni nguzo zinazoibeba maana hiyo. Ulinganisho na riwaya ya Fugard umedhihirisha kwamba kubadilisha chanzo cha kifo cha mama ni kubadilisha mshtakiwa.

Wahakiki wa Kiswahili wana nafasi ya kuuendeleza uchunguzi huu. Riwaya zetu zimemfuatilia binti anayepotoka kwa makini kuliko zilivyomfuatilia mvulana anayeingia katika genge, na mara nyingi mvulana huyo hutokea tu kama tishio gizani, hana kwao. Watunzi chipukizi wanaweza kumfuata hadi huko kwao. Tukiirejea methali iliyotangulia, ulimwengu unaomfunza asiyefunzwa na mamaye si upepo usio na mwenyewe. Ni baba, jirani, mwalimu, askari, mwenye duka na mpita njia, nao wote huwa wapo mtoto anapopita usiku akielekea kwenye mabomba.